Picha ya Kambo kwenye Mawingu

Kila Jumamosi Deborah alifagia chumba cha mbele cha nyumba yao huko mtaa wa Katuba, akapangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta, kisha akakaa kumtazama mama yake, Geneviève, akifanya kazi. Mama alikuwa mpiga picha. Wateja walisimama mbele ya pazia la kijani, halafu mama aliliondoa pazia hilo kwenye kompyuta na kuweka mandhari nyingine: rangi nyeupe kwa pasipoti, maporomoko ya maji kwa maharusi. Deborah alijifunza kwa macho tu, na ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili, alijiona fundi kamili. Nani angemwambia kitu?

Siku moja mama alikwenda mjini kununua wino, akaacha simu ikichajiwa. Babu yake Deborah, mzee Séverin, ambaye nyumbani wote walimwita Kambo, yaani babu, alikuwa ameketi uani na kofia yake ya zamani ya reli. Deborah akampiga picha. Ilitoka vizuri, ila nyuma yake palionekana ukuta uliobanduka na suruali zilizoanikwa.

"Aibu gani hii!" akasema, akafuta ukuta pamoja na suruali. Kwenye mandhari za mama akachagua iliyompendeza kuliko zote: mawingu meupe, mwanga ukishuka, na waridi pande zote mbili. Akaituma kwenye kundi la ukoo kwa simu ya mama, bila neno hata moja, akingoja sifa.

Mara simu ikalia. Alikuwa bibi Jeanne wa Kalemie, mdogo wake Kambo, mwenye ugonjwa wa moyo.

"Yaya wangu! Yaya wangu alikufa!" alipiga mayowe, akimlilia kaka yake mkubwa.

Hapo ndipo Deborah alipokumbuka kwamba mawingu na waridi mama aliyaweka kwenye picha za marehemu tu, zile zinazochapwa kwenye fulana za kilio. Alitaka kusema, "Bibi, Kambo iko muzima," lakini aliogopa fimbo ya mama. Akakata simu, akafuta picha, akaizima simu na kuificha chini ya mto.

Kila aliposikia hatua barabarani, alichungulia langoni. Hatimaye lango likafunguliwa kwa kishindo. Tantine Lydie, dada yake mama, aliyekuwa ameiona picha kundini, aliingia akilia, na mama, aliyekutana naye barabarani, akimfuata mbio, ametupa wino njiani.

Kambo akatokea uani. "Munalilia nani?"

Tantine Lydie nusura azimie.

"Telefone yangu iko wapi?" mama aliuliza.

"Sijui," Deborah alijibu. Lakini sauti ya bibi Jeanne ilikuwa bado masikioni mwake, na hofu ya kumpoteza ikaishinda hofu ya fimbo. "Mama, ni miye nilituma picha ya Kambo. Bibi Jeanne alipiga telefone, nikaikata. Niliificha chini ya mto."

Simu ilipowashwa, ujumbe ulikuwa unangoja. Ulitoka kwa Mapalo, mtoto wa bibi Jeanne: "Mama alianguka. Tunamupeleka hospitali."

Mama alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Nimemuua bibi, Deborah aliwaza, na machozi yakamtoka. Mwishowe Mapalo akapokea, na Kambo akaichukua simu.

"Jeanne, mudogo wangu, ni miye. Niko muzima, hata sahani yangu ya bukari siyakula bado."

Kisha ikasikika sauti dhaifu: "Yaya... na njaa yako ile ile?"

Wote walilia na kucheka kwa pamoja. Mama akamvuta Deborah karibu.

"Picha ilikuwa kosa la mutoto. Ungesema palepale, tungecheka. Ulipozima telefone, ndipo uliangusha bibi yako. Ukikosea, sema mbio, hata kama unaogopa."

"Ndiyo, mama."

Kambo akarudi kwenye kiti chake uani, akairekebisha kofia.

"Sasa unipige ingine, umutumie Jeanne. Na suruali zangu usifute. Bantu bajue nitazivaa kesho."