Mikono Juu ya Miiba

Jioni ile nilitoka ofisini kununua chapati mbili na maji ya chupa. Kibanda kiko ng'ambo tu ya barabara, karibu na wanapoegesha pikipiki. Saa kumi na mbili, na Lodwar bado joto lilikuwa linatoka ardhini kana kwamba jua limefukiwa humo. Nilikuwa nimeshika chapati zangu simu ilipolia.

Alikuwa mama mkwe wangu, Nyibol, Mdinka anayeishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Yeye ndiye anayemlea binti yangu, Nyaboth. Hapigi simu ovyo. Akipiga, ujue mtoto anaumwa.

"Ejok, Mama," nilimsalimu. "Nyaboth mzima?"

"Mzima." Alikuwa ananong'ona. "Baba Nyaboth, kuna mtu anapiga makofi kwa ua ya miiba. Jana, na leo tena."

"Nani?"

"Anapiga tatu. Ananyamaza. Halafu anapiga moja."

Nilisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikanipigia honi, nikasogea bila kuiona. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebisha hodi hivyo. Athieng, mke wangu. Binti yake Nyibol. Tulimzika miaka miwili na nusu iliyopita.

"Umetoka kuangalia, Mama?"

"Nimetoka."

"Umeona nini?"

"Mikono," alisema. "Juu ya miiba. Mikono mbili... na nyuma yake hakuna mtu."

Kazi yangu ni kuchora katuni. Tuko wanne katika chumba kimoja nyuma ya duka la simu, tunatengeneza filamu fupi za watoto. Ngamia anayenawa mikono. Mbuzi anayeangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Mchana kutwa nachora ngamia. Wenzangu wakishaondoka, nafunga mlango, nafungua faili ambalo sijalipa jina, na namchora mke wangu.

Nilianza Januari. Mwanzoni nilimchora kwa nyuma tu, kwa sababu uso sikuuweza. Athieng akianika nguo. Athieng akimsuka mama yake. Athieng amejilaza kivulini, khanga imemfunika kichwa. Baadaye nikaanza picha moja kubwa, amesimama, ananitazama. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kwenye tableti kila kitu nilikichora kwenye tabaka lake, mikono peke yake, mdomo peke yake, gauni peke yake, ili nikikosea nifute kimoja bila kugusa kingine. Hakuna aliyejua. Wala Nyibol. Wala wenzangu wa ofisini.

Na mikono nilikuwa nimeimaliza juzi yake.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Athieng alikwenda Kakuma kujifungulia kwa mama yake. Mimi nilibaki Lodwar kumalizia dakika mbili za katuni iliyokuwa inasubiriwa. Simu niliiweka kimya nipate kuchora kwa utulivu. Nilipoishika jioni, nikakuta amenipigia mara tatu. Nilipompigia, alipokea Nyibol, naye alikuwa analia. Damu ilikuwa imekataa kusimama. Mtoto alikuwa hai.

Zile simu tatu nilizifuta siku ileile. Sikumwambia mtu.

Basi jioni ile, baada ya Nyibol kukata simu, ningeweza kwenda zangu nyumbani. Nilirudi ofisini. Nikafunga mlango, nikawasha tableti, nikaanza kuchora mdomo. Ningependa kusema nilitaka kuhakikisha tu kama picha ndiyo iliyoileta ile mikono. Si kweli. Nilitaka aje.

Ulinijia kwa urahisi kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Mdomo wa chini mpana kidogo, ule mwanya kati ya meno ya mbele. Saa moja na nusu nikaweka kalamu chini.

Simu ikalia.

Ilikuwa namba ya Nyibol. Nilisikia upepo tu, kisha nikaelewa kwamba ameielekeza simu kwenye ua.

"Mama..."

Nilishika ukingo wa meza.

"Mama, nina kiu."

Sauti ya Athieng. Ile ile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. Halafu nikamsikia binti yangu mdogo, karibu kabisa na simu, akicheka.

Kesho yake mchana nilikuwa Kakuma.

Nyumba ya Nyibol ni chumba kimoja cha matofali ya udongo, paa la mabati, ua wa matawi ya mathenge yenye miiba. Nyaboth alikuwa amekaa mlangoni akijaza mchanga kwenye kikombe cha plastiki. Nilimbeba, nikamwambia Nyibol kila kitu kuhusu zile picha, isipokuwa habari ya simu tatu. Hakunilaumu. Alifuta mikono kwenye nguo yake kabla ya kugusa skrini, kama mtu anayetaka kushika kitoto kichanga, akazitazama moja baada ya nyingine. Kwenye ile kubwa akasimamisha kidole usoni.

"Haina macho," alisema.

"Macho yamenishinda, Mama."

"Basi maliza. Ndiyo maana hapati mlango."

Sikubisha. Nataka mnielewe hapo. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa watu wawili waliomkosa mtu mmoja, na tuliketi tukingoja jua lizame.

Giza lilipoanza kuingia niliketi ndani, karibu na mlango, Nyaboth kando yangu, nikaanza jicho la kwanza.

Kilichokuja mwanzo ni harufu. Athieng alikuwa akinukia mafuta ya simsim na moshi. Hii ilikuwa harufu ya plastiki iliyoachwa juani. Mbwa wa Godelieve, jirani wa Nyibol, ambaye humbwekea kila apitaye, alinyamaza katikati ya kubweka.

Kisha makofi.

Matatu.

Kimya.

Moja.

"Mama," ilisema sauti. "Nina kiu."

"Nakuja, mtoto yangu." Nyibol alichota kikombe cha maji kwenye mtungi, akatoka. Nilimwona akitembea taratibu kuelekea kwenye ua. Na juu ya miiba niliiona mikono. Ilikuwa myeusi na mizuri, vidole virefu, viganja vikiwa wazi, kovu la kuungua kwenye mmoja. Kwenye kidole gumba kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Nilijua mstari ule. Kalamu iliniponyoka siku ile, nami nikasahau kuusafisha.

Nyibol alikuwa amebakiza hatua mbili. Akasimama. Kikombe kikamwanguka.

Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, macho hayaachi ule ua.

"Baba Nyaboth. Athieng alichomwa na mafuta mkono gani?"

Nilitazama skrini. "Wa kulia."

"Kushoto," alinong'ona. "Mimi ndiye nilimpaka asali. Mkono wa kushoto."

Picha zote nilizotumia ni zile alizojipiga mwenyewe kwa simu. Simu yake ilikuwa inageuza kulia kuwa kushoto, kama kioo. Nami nilichora nilichokiona.

Kilichosimama pale nje hakikuwa na kovu la Athieng. Kilikuwa na kosa langu.

"Nileteeni mtoto," ilisema sauti.

Nilitupa macho kando yangu. Nyaboth hakuwepo.

Alikuwa ameshatupita mlangoni. Alikuwa uani, amekiokota kile kikombe kilichoanguka, anatembea na tone la maji lililobaki chini. "Maji ya mama," alisema. Mkono mmoja ukashuka kupitia katikati ya miiba. Haukukwaruzwa. Ulizidi kurefuka.

Nyibol alimrukia mtoto, akamshika gauni kwa nyuma, akaanguka naye mchangani.

"Malizia macho, Emanikor," ilisema sauti kwa upole. "Nimwone."

Nilitafuta tabaka la mdomo. Nilitaka kuanza na mdomo, kwa sababu nilijua ikiniita kwa jina mara moja zaidi sitaweza. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye alama ya kufuta.

"Emanikor... Nilikupigia mara tatu."

Niliinua kidole.

"Sikukasirika. Nilitaka tu nikuambie ku..."

Nikafuta.

Sijui nilifanyaje. Ninachojua ni kwamba ningemwacha amalize, ningechora yale macho na kwenda kumfungulia mlango wa ua mimi mwenyewe.

Nje, makofi yakaanza tena. Moja. Mawili. Matatu. Kimya. Nikafuta mikono. Kofi la nne halikuja.

Nilifuta gauni, nikafuta jicho nililolianza. Nikafuta Athieng wa kamba ya nguo, na Athieng wa kivulini, na yule anayemsuka mama yake. Nikafuta na zile picha za kwenye simu yangu nilizokuwa nachorea. Nilipomaliza, mbwa wa Godelieve alianza tena kubweka. Nyibol alikuwa bado ameketi mchangani, amemkumbatia Nyaboth, analia kwa sauti ile ile ya siku ya mazishi.

"Ilikuwa inataka kusema nini?" aliniuliza.

"Sijui, Mama."

"Simu tatu gani?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, na hakuniangalia tena mpaka asubuhi.

Asubuhi nilimwendea Godelieve. Ni Mrundi, fundi wa nguo, anashonea kibarazani kwake. Alikuwa amesikia yote akiwa upande wake wa ua.

"Kuna vitu vinatembea bila mwili," aliniambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Vinatafuta. Wewe ulikishonea kimoja nguo, tena kwa vipimo vya mtu wako. Kingeacha kuivaa?"

"Lakini kilijua jambo la siri. Jambo la mimi na yeye tu."

Mguu wake ulisimama. Alikata uzi kwa meno, akautazama muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji kutazamwa.

"Hilo usiniulize, Baba Nyaboth," alisema.

Siku hiyo hiyo niliondoka na binti yangu. Sasa tunakaa Lodwar, chumba kimoja, godoro moja. Mchana anacheza chini ya meza yangu ofisini, na wenzangu wamemzoea. Jioni sichori. Saa kumi na moja naondoka na wengine, nampikia uji, namwogesha. Akishalala, ndipo ile sentensi inaponijia. Nilitaka tu nikuambie ku... Naijaribu kwa kila neno. Kuja. Kuwa. Kumlea. Kuna siku naimalizia vizuri na napata usingizi. Siku nyingi siwezi.

Wiki tatu zilipita hivyo. Juzi jioni Nyibol akapiga. Tangu tuondoke tulikuwa tunasalimiana tu.

"Mama, hujambo?"

"Baba Nyaboth, usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

"Kasongo, ule anachora mabango ya vinyozi. Nilimpa picha ya Athieng. Nilimwambia anichoree mdomo. Mdomo tu, kwa kadibodi. Nilitaka Athieng amalize ile maneno."

Nilikaa chini. Nyaboth alikuwa mbele yangu anakula.

"Mama... Kimekuja?"

"Imekuja. Leo, jua ikizama."

"Imesema nini?"

"Sauti si yake," alisema. "Kasongo hajui kuchora kama wewe. Mdomo ilikuwa kubwa, nyekundu. Sauti ilikuwa... sijui ilikuwa ya nani. Haikumaliza ile maneno. Iliuliza tu mtoto yuko wapi."

"Na wewe ukasema nini?"

Niliinuka, nikamsogelea Nyaboth.

"Mama. Ulisema nini?"

"Iliniita Mama," alisema Nyibol. "Miaka miwili na nusu, hakuna mtu ananiita hivyo kwa Kidinka. Nilisema kabla ya kufikiria. Nilisema yuko Lodwar, kwa baba yake."

Nilimwambia aichome ile kadibodi. Alisema ameichoma tayari, lakini aliichoma baada ya kimya kuingia. Hajui kama kile kitu kilikuwa bado kipo pale, au kilikuwa kimeshaondoka.

Tangu juzi nimefunga madirisha, pamoja na joto hili. Nyaboth ananiuliza kwa nini, namwambia ni vumbi. Kutoka Kakuma mpaka hapa ni kama saa mbili kwa gari. Kwa kitu kisicho na miguu, sijui ni siku ngapi.