Kituo Kisicho na Namba

Hii ilitokea nyumba ya tatu kutoka kwetu, mchana kweupe. Mama Fundi alikuwa anakunja nguo zilizokauka, binti yake akaingia na kompyuta kwapani. Majirani walimwita Mama Fundi kwa sababu ya marehemu mumewe, fundi redio, aliyefariki miezi minane nyuma katika chumba hichohicho. Marehemu alikutwa ameketi mbele ya redio yake, maikrofoni mkononi, kidole kimekaza kwenye kitufe.

Redio bado ilikuwa mezani. Dude zito la chuma, ukiliwasha linakohoa kwanza. Siyo ya muziki. Ni ile ya kuongea na wapenda redio wenzako wa mbali, kila mmoja na namba ya kituo aliyopewa na serikali. Mama Fundi naye alikuwa na yake. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tatu, akafanya mtihani wa leseni, akapasi. Cheti amekitundika juu ya kitanda, kila anayeingia lazima akione.

"Mama, pumzisha hilo jini lako la chuma," binti alisema. Akachomeka kwenye kompyuta kidude kama kidole gumba, akakiunga na waya wa antena. "Lako linasikia sehemu moja tu, mpaka uzungushe weee! Hapa kazi yote inafanya kompyuta. Masafa yote unayaona kwa mpigo."

"Inaongea?"

"Haiongei. Inasikiliza tu."

"Basi huyo ni mbea, siyo redio."

Wakacheka. Kwenye skrini rangi ya buluu ilikuwa inateremka kama mvua, na kila aliyekuwa akiongea hewani alichora mstari wa njano.

Saa kumi kamili ukatokea mstari mweupe. Binti akaubofya.

"Mke wangu," sauti ilisema. "Nijibu."

Ilikuwa sauti yake. Mpaka ule mkwaruzo wa kooni.

Mama Fundi akaiwasha redio ya zamani, yenye antena yake, akazungusha mpaka kwenye masafa yaleyale. Hamna kitu. Kwenye kompyuta marehemu anaita, kwenye redio ni shwaaa tu. Akauchomoa waya wa antena ya kompyuta. Mistari ya njano yote ikafa.

Mweupe ukabaki.

"Ni baba," binti alinong'ona, machozi yanamtiririka. Mkono wake ulishafika kwenye maikrofoni ya redio ya zamani, maana hiyo ndiyo yenye mdomo.

Mama yake akamdaka mkono. "Ukibonyeza hicho kitufe, kesho nakuzika."

Akafungua daftari la marehemu. "Baba yako aliandika kila aliyeongea naye. Saa, masafa, namba ya kituo. Siku wanamtoa humu ndani niliuona ukurasa wake wa mwisho, nikashindwa kuusoma. Unadhani darasani nilifuata nini? Soma."

Binti akasoma. Saa kumi jioni. Masafa yaleyale. Pa namba ya kituo pako wazi. Pembeni: *Anasema ni mama. Namjibu.*

Mama huyo wa marehemu alizikwa kabla binti hajazaliwa.

Kwenye skrini mstari mweupe ukaanza kujipinda. Kwanza kama mnyoo. Halafu kama herufi. Mama Fundi akazifuata kwa kidole, silabi moja moja, kama alivyofundishwa.

"Ni. Ji. Bu."

Hakugusa kitufe. Aliiambia skrini usoni. "Taja namba yako. Mume wangu hakufungua mdomo hewani bila namba. Hata kuniomba chai, alianza na namba. Taja!"

Herufi zikatetemeka. Zikajipanga upya. Jina la utani la binti, la utotoni, lililojulikana na watu watatu tu.

Binti akaangua kilio.

"Sikukuuliza jina la mwanangu. Nimekuuliza namba. Huna? Basi hapa huna pa kusimama."

Akachomoa maikrofoni, akaizungushia waya wake, akaikalia. Akachukua kalamu, akaandika polepole: *Saa kumi. Kituo hakikujitambulisha. Hakikujibiwa.* Akasaini. Alipoinua macho, mstari haukuwepo.

Asubuhi akafungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho wa mumewe, ile nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa imejazwa. Namba ya kituo. Ya kwake yeye Mama Fundi. Kwa mwandiko wake yeye, herufi zilezile za kuinama za mtu aliyejifunza ukubwani.

Hakupiga kelele. Aliikata kwa rula, mstari mmoja, akaandika juu yake: UONGO. Saa kumi ilipofika alikuwa kitini, miwani usoni, anaisubiri ile sauti.

Wino wa UONGO ulikauka palepale. Ule wa namba, mpaka leo, ukiugusa unakupaka kidole.