Lusiana na Zamu ya Ufuta

Lusiana alihamia kwetu Likunja mwezi wa kumi na moja. Alitoka Newala, akamfuata mumewe Jonasi, aliyepata shamba la ufuta huku Ruangwa. Ni mchapakazi huyo mama. Kukipambazuka ameshafagia uwanja, jua likitoka yuko shambani. Lakini siku zote alikuwa peke yake. Akipita anasalimia, kisha anaingia ndani.

Mwezi wa tano nilimkuta anafunga matita ya ufuta. Machozi yanamtoka.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, bibi Swaumu. Nimemwambia Jonasi, mavuno yakiisha narudi kwetu. Miezi sita hapa, hakuna hata mmoja aliyenibishia hodi."

Nikakaa chini taratibu, maana magoti yangu hayataki haraka.

"Wakati wa palizi, jirani yako Hadija na wenzake walikuja na majembe. Uliwajibuje?"

"Nilisema asanteni, nitamaliza mwenyewe. Sikutaka kuwachosha, bibi."

"Basi wakaona huwataki. Sisi hapa tunasaidiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Hivyo ndivyo tunavyojuana."

"Sikujua. Sasa niende kuwaomba radhi?"

"Usipeleke hotuba, peleka mikono. Kesho Hadija anakung'uta ufuta. Nenda."

"Sijaalikwa!"

"Kazini hatualikani. Usingoje kufuatwa, anza wewe. Na wakikutania, watanie. Ninyi Wamakonde na sisi Wamwera ni watani. Ukinuna, umeharibu."

Asubuhi akatoka na fimbo yake ya kupigia ufuta. Nilimfuata polepole. Mara mbili alisimama njiani kama anayetaka kurudi. Alipofika, wanawake wote wakaacha kupiga.

Hadija akamtazama. "Enhe! Mmakonde umepotea njia?"

Lusiana akainua fimbo yake. "Sijapotea. Nimesikia Wamwera mnapiga ufuta kama mnamwamsha mgonjwa. Nimekuja kuwafundisha."

Weee! Mmoja wao, Valentina, alicheka mpaka akakaa juu ya turubai. Hadija akamsogezea Lusiana tita la kwanza.

"Haya mwalimu, piga tuone!"

Wakapiga, wakapepeta, wakataniana mpaka adhuhuri. Kisha wakala ugali wa muhogo na kisamvu, sinia moja.

Baada ya kula, Lusiana akasimama.

"Jamani, Alhamisi ufuta wangu utakuwa umekauka. Ukikaa zaidi utamwagika wote chini. Naomba wanne wanisaidie."

"Hee!" akasema Hadija. "Kumbe unajua kuomba? Tutakuja."

Alhamisi wakaja tisa. Jonasi alikimbia kutafuta sufuria kubwa zaidi.

Jioni ile nilikuwa kwao, nimeletewa uji. Simu ikalia. Mama yake Lusiana alikuwa anapiga kutoka Newala.

"Mwanangu, ufuta umeisha? Unakuja lini?"

"Umeisha, mama," Lusiana akajibu, huku anachambua mabua kwenye nywele. "Lakini kuja siwezi. Jumamosi ni zamu ya Valentina. Nisipoonekana, hawa Wamwera watanisema mwaka mzima!"