Aliyekalia Kiti cha Rodrick

Gari lilizima katikati ya stendi ya Mbinga, mwezi wa Julai, msimu wa kahawa, watu wamejaa na magunia yao na ndoo za maparachichi. Kabla Rodrick hajafungua boneti, umati ulikuwa umeshamtambua.

"Rodrick wa Moto wa Injini!"

Kwa miaka kumi na moja yeye na wenzake wawili, Praygod na Hamphrey, walikitangaza kipindi hicho cha magari kwenye televisheni, na kila Jumapili jioni watu waliacha shughuli zao wawasikilize wakibishana. Siku hiyo walikuwa wakishuka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kurekodi safari ya milimani. Rodrick, shati jeupe la kitani, miwani ya jua kwenye paji la uso, aliinama juu ya injini akatoa hukumu: pampu ya dizeli imekufa.

"Pampu ni nzima, kaka," sauti ilisema nyuma yake. "Gari lako limevuta hewa."

Alikuwa mwanamke mrefu, ovaroli ya bluu, kilemba cha kitenge cha njano, spana mkononi.

"Umejuaje na hujagusa kitu?"

"Nimelisikia. Limekohoa kwanza. Pampu ikifa haiagi. Sogea, utachafua shati."

Robo saa baadaye gari liliunguruma, watu wakapiga makofi. Jina lake lilikuwa Bonifasia, fundi wa gereji nyuma ya stendi, mzaliwa wa Ukata. Praygod alimwomba aambatane nao mpaka ziwani, na kamera zikamchukua. Alionekana dakika nne tu, lakini watazamaji walizizungumzia wiki nzima.

Rodrick alirudi Dar es Salaam na namba ya simu ya Bonifasia.

"Umekula, mpenzi?" Bonifasia aliuliza kila mchana.

"Chipsi."

"Pole. Ndiyo maana pampu na hewa huvitofautishi."

Krismasi Rodrick alikuja Mbinga kwa basi, na Pasaka tena. Alimwahidi kwamba safari ya tatu watashuka pamoja Liuli, kwa mama yake.

Haikuwa hivyo. Mwezi Mei Praygod alikataa kulisifia hewani gari la mdhamini, akasema breki zake hazifai. Uongozi wa kituo ukamwondoa. Siku hiyohiyo Rodrick na Hamphrey waliandika barua za kuacha kazi. Rodrick alizima simu, akajifungia ndani siku tatu. Ya nne akampigia Bonifasia, akamweleza yote, mpaka lile la aibu, kwamba hakujua yeye ni nani bila kipindi.

"Pole, mpenzi," alisema Bonifasia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mungu atafungua njia."

Jumamosi magazeti yalitoa picha za wanaotarajiwa kuwa sura mpya za Moto wa Injini. Ya kwanza ilikuwa ya Bonifasia.

"Boni, ni kweli?"

"Wameniita kwenye majaribio. Sijawajibu."

"Walikuita lini?"

"Siku mbili kabla hujawasha simu."

"Kwa hiyo nilipokuwa nakulilia ulikuwa unajua?"

"Waliniomba nisimwambie mtu."

"Na mimi ni mtu tu?"

"Wewe ulizima simu siku tatu, Rodrick! Habari zako nilizipata kwa wateja. Mimi nilikuwa nani?"

Rodrick alikata simu. Wiki hiyo alipanda basi hadi Liuli, akakaa kwa mama yake, Mama Ida. Asubuhi alimsaidia kuanika usipa, dagaa wa ziwani, mchana alitengeneza injini za boti za majirani, nyingine zikapona. Namba ya Bonifasia hakuifuta, wala hakuipiga.

Agosti, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama uani. Bonifasia alishuka, gauni la kitenge limejaa vumbi jekundu la njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko ufukweni. Mwenzio amekonda, mpe maneno mafupi."

Rodrick alimwona akija, akaendelea kufungua plagi ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

"Nimeshinda majaribio," alisema Bonifasia. "Mkataba ninao ndani ya mkoba. Nataka kuusaini. Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia kabla sijamwambia baba wala mtu yeyote."

Rodrick aliiweka plagi chini.

"Inauma," alisema Rodrick.

"Najua. Nilipaswa kukuambia siku ileile. Niliogopa utanikataza, nami ningekubali, halafu ningekuchukia."

Rodrick alifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Saini, Boni. Breki mbovu zikija, usizisifie."

"Na sisi?"

"Wewe unasemaje?"

"Mimi mtoto wa watu. Njia ya Ukata unaijua."

Jumapili ya kwanza ya Oktoba Rodrick alimwendesha baba yake mkubwa, Bartholomayo, mpaka Ukata, na barua ya posa ndani ya bahasha. Kwa desturi yeye alibaki garini. Muda si mrefu Mzee Othmar, baba yake Bonifasia, alitokea mlangoni.

"Dereva naye aingie. Barua itasubiri, mwanangu yuko kwenye televisheni."

Rodrick aliamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kwenye kioo Bonifasia alikuwa akilishusha lori kwenye mteremko mkali, akilizungumzisha kama mtoto mtukutu. Rodrick alisubiri wivu umkabe. Ulikuja, ukakaa naye kidogo. Kisha Bonifasia akasema jambo kuhusu gia, na sebule nzima ikacheka, naye akajikuta anacheka.

"Anaendeshaje?" aliuliza mzee, macho kwenye kioo.

"Ananishinda, baba."

Kipindi kilipokwisha, simu ya Rodrick iliita.

"Kipindi chote kilirekodiwa wiki iliyopita, mimi nimekaa hapa natetemeka," alisema Bonifasia. "Umeniangalia?"

"Nimekuangalia. Na baba yako."

"Baba yangu? Uko wapi wewe?"

"Ukata. Baba mkubwa ameleta barua. Ndiyo kwanza inafunguliwa."

Upande wa pili mtu alivuta kamasi.

"Weka spika," alisema Bonifasia. "Mwambie baba aisome kwa sauti, nami nisikie."