Punguza Namba, Marit

— Punguza hiyo namba, Marit. Nakuomba kama mume wako mtarajiwa.

Marit Tveit akaweka kijiko chini. Mgahawa ulijaa wabunge na makarani waliokimbia baridi ya Bismarck, mji mkuu wa jimbo, kila mtu na bakuli lake la supu ya viazi. Akajibu kwa sauti ya chini.

— Clayton, makadirio yameshasainiwa. Ni milioni kumi na nne.

— Mimi wenzangu nimewaambia nne!

— Nani alikutuma uwaambie kabla hatujapiga hesabu?

Kazi ya Marit katika Bunge la jimbo ilikuwa hiyo: muswada ukiletwa, yeye na wenzake wanakadiria utaigharimu hazina dola ngapi. Siku aliyovishwa pete alimweleza bosi wake, Verna, na tangu hapo kila kilichomhusu Clayton kilihakikiwa na mtu wa pili.

Clayton Bitz alikuwa mbunge mpya kutoka mji mdogo wa wakulima wa ngano, na huu ndio muswada wake wa kwanza. Alitaka miji kama kwao iwe na gari la wagonjwa lenye wahudumu wa kulipwa. Baba yake alifia shambani akisubiri gari litoke mbali.

— Andika tu kwamba wanaohudumu sasa bila malipo wataendelea kujitolea. Namba itashuka yenyewe.

— Kwenu wanaojitolea ni wangapi?

Clayton akakoroga supu yake.

— Watatu, Marit akajijibu. — Na mmoja ni mzee Orville, magoti hayamruhusu kunyanyua hata machela. Huyo ndiye nimwandike ataendelea?

— Sasa sijui naoa mke au kikokotoo!

Marit akavua pete, akaiweka kando ya bakuli la Clayton.

— Basi usioe chochote.

Alirudi ofisini akamweleza Verna kila kitu. Verna alimsikiliza mpaka mwisho.

— Namba iko palepale?

— Iko palepale.

— Haya, kunywa maji, urudi kazini.

Jumatatu muswada ukafika kamatini. Ardis, mama yake Clayton, alikuwa ameendesha gari kwenye theluji kuja kutoa ushahidi juu ya kifo cha mumewe. Alikaa mstari wa mbele, koti mapajani. Mwenyekiti alipouliza mbona gharama ni kubwa hivi, Clayton akavuta kipaza sauti.

— Mheshimiwa mwenyekiti, aliyekadiria alikuwa mchumba wangu. Tumeachana. Nadhani hasira zimeingia kwenye hesabu.

Ukumbi ukaanza minong'ono. Marit, aliyekaa nyuma, alihisi masikio yanawaka moto. Akaitwa mbele.

— Ni kweli alikuwa mchumba wako?

— Ni kweli, mheshimiwa.

— Na una hasira naye?

— Ninazo, tena nyingi. Ila namba ilisainiwa kabla hatujaachana, na mwenzangu alihakiki upya, akapata ileile.

— Kuna mtu yeyote alikuomba uibadilishe?

Marit akamtazama Ardis, mwanamke aliyekwisha kumwita binti yake. Akikana, atakuwa amedanganya kamati. Akikubali, atamzika kijana wa watu mbele ya mama yake.

— Yupo, mheshimiwa. Ni mbunge Bitz mwenyewe.

Clayton akainamisha kichwa. Kamati ikapendekeza muswada ukataliwe.

Jioni simu ya Marit ilijaa jina la Clayton. Hakupokea hata mara moja. Kisha ukaingia ujumbe wa Ardis: "Binti yangu, nimemwambia asikanyage kwangu mpaka akusafishe jina. Wewe njoo wakati wowote."

Kwa utaratibu wa jimbo lile, hata muswada uliokataliwa na kamati unapigiwa kura na Bunge zima. Siku hiyo Marit alikuwa mezani kwake, macho kwenye skrini. Clayton akasimama bila karatasi.

— Waheshimiwa, nilimwomba Marit Tveit adanganye. Alipokataa, nikamchafua hadharani. Namba yake ni sahihi. Ni kubwa kwa sababu hali yetu ni mbaya kuliko nilivyothubutu kuwaambia. Anayenipigia kura leo, apige akijua ni milioni kumi na nne.

Muswada ukaanguka. Ila wengi walitarajia atapata kura za kuhesabika kwa vidole, kumbe zilimpungukia nne tu.

Marit alimkuta chini ya ngazi, anahangaika na vifungo vya koti.

— Umeshindwa, akamwambia.

— Nimeshindwa. Na sina cha kujitetea kwako.

— Usijitetee. Ulinidhalilisha mbele ya watu, Clayton. Siku tatu sikuweza kula.

— Najua.

— Hujui. Utajua polepole, nikiamua kukueleza.

Clayton akaviacha vifungo.

— Nikuulize tena lini?

— Sasa hivi wewe ni mbunge na mimi ni mkadiriaji. Kikao kikifungwa, njoo kama Clayton.

Kikao kilifungwa mwishoni mwa Aprili. Wiki iliyofuata, jikoni kwa Ardis, Clayton alipiga goti sakafuni huku mama yake akitoa mkate kwenye oveni.

— Marit, utaolewa na mtu aliyewahi kukuomba uongo?

— Nitaolewa na mtu aliyesema ukweli akakubali kushindwa, Marit akasema. — Yule mwingine akirudi, sikai naye.

— Harudi, akadakia Ardis, bila hata kugeuka. — Mimi nipo.