Mdhamini wa Patasi

Miguu ya Chambuso ilipanda ngazi za Jumba la Mfumo mbili mbili, kila goti la chuma likijipimia lenyewe urefu wa ngazi inayofuata. Mwasiti, aliyemfuata nyuma akihema, alitabasamu. Enzi zile miguu hiyo ilipokuwa ikimbwaga barabarani, watu wa Dodoma wakicheka hadi machozi, ni yeye aliyemfundisha kuitengeneza kwa Patasi.

Patasi aliiunda Mwasiti mwenyewe. Ilikuwa zana ya waandaaji programu: inafungua ubongo wa mashine, inaonyesha palipoharibika, na mwenye mashine anarekebisha papo hapo, hata pasipo na mtandao. Ilikuja ndani ya Msingi, mfumo endeshi wa kila roboti na kila kiungo cha chuma nchini. Kule Mpwapwa, Semeni, mdogo wake Mwasiti, alitembea kwa miguu kama ya Chambuso, na Patasi ndiyo ilikuwa fundi wake wa pekee.

Leo baraza linalosimamia Msingi lilikuwa linaamua zana zipi zibaki katika toleo lake jipya. Desturi yao ilikuwa hii: zana ikitajwa, mjumbe mmoja asimame kuidhamini. Isiposimamiwa, inatoka, na mashine zote zinaifuta jioni hiyo hiyo. Aliyeiunda haruhusiwi kuisimamia.

"Ondoa shaka, dada," Chambuso, aliyekuwa mjumbe wa baraza, alimwambia mlangoni. "Nitasimama kabla hawajamaliza kuitaja."

"Patasi," akasema mwenyekiti, Bi Nyamizi, wote walipokwisha kuketi ukumbini.

Hakuna aliyesimama. Mwasiti aligeuka. Chambuso alikuwa ameketi, jasho likimtiririka usoni. Masikini, magoti yamekwama! Akakimbia, akapiga magoti mbele yake, akagusisha kibao chake cha kidijitali kwenye goti la kulia.

"Vumilia, mdogo wangu, nakufungua sasa hivi."

Kibao kikaandika: Hakuna hitilafu. Akajaribu la kushoto. Jibu likawa lile lile.

"Chambuso," akanong'ona, "miguu yako mizima."

"Najua, dada." Hakumtazama. "Kampuni ya viungo inataka kila goti litengenezwe kwake kwa malipo, na imenipa ukuu wa matengenezo. Walitaka nikae tu. Sijasema neno lolote baya juu yako."

"Afadhali ungenitukana!"

"Patasi imetoka," Bi Nyamizi akatangaza, akaita zana inayofuata.

Mwasiti alikuwa bado amepiga magoti. Ilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe, kwamba alikimbia kumwokoa mbele ya watu wote. Wakati wa chai Chambuso aliinuka kwa wepesi, akampita, akashuka ngazi mbili mbili.

Jioni Semeni alipiga simu.

"Dada, goti limekaza. Niko hapa sokoni nimekumbatia nguzo, na Patasi siioni."

"Imeondolewa, mdogo wangu. Hakuna aliyeisimamia."

"Hakuna? Kwani Chambuso hakuwepo?"

"Alikuwepo," Mwasiti alisema. "Alikaa."