Gillian Apima Tumbo la Baba

Kila Jumamosi asubuhi Gillian alifagia ua wa nyumba yao huko Ukunda, kisha akamsaidia mama yake kuitoa cherehani barazani. Mama yake, Veronicah, alikuwa fundi wa nguo. Baba yake, Absalom, alikuwa mpishi wa mikate na keki katika hoteli moja ya Diani. Wazazi hao walihamia pwani kutoka bara miaka mingi iliyopita, lakini Gillian alizaliwa hukohuko Ukunda.

Muhula huo Mwalimu Kavumbi, aliyewafundisha sayansi katika Gredi ya Saba, aliwapa wanafunzi kazi ya wiki nane.

"Kila mmoja achague kitu kimoja akipime kila wiki," alisema. "Andikeni mnachokiona, si mnachokitamani."

Sidi, rafiki yake Gillian, alichagua kupima urefu wa mahindi ya bibi yake. Gillian alichagua tumbo la baba.

Darasa lilicheka, lakini kwake halikuwa jambo la mzaha. Koti jeupe la baba la kazini lilikuwa halifungiki tena, na wenzake jikoni walimtania kwamba anajionjesha kila mkate. Wiki hiyohiyo alikuwa amenunua chupa ya vidonge kwa Quincy, kijana aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Kwenye chupa paliandikwa kwamba vidonge huyeyusha mafuta ya tumboni kwa siku thelathini.

"Nipime, binti yangu," baba alisema. "Mwalimu wako ataona maajabu."

Gillian alichukua tepu ya mama na kuizungusha usawa wa kitovu. Sentimita mia moja na kumi na mbili. Baba akapanda mizani: kilo tisini na nne. Gillian akaandika yote daftarini.

Jumamosi iliyofuata mizani ilionyesha kilo tisini na moja. Baba alipiga makofi kwa furaha. "Umeona? Kilo tatu kwa wiki moja! Haya, pima tumbo."

Gillian alizungusha tepu. Mia moja na kumi na mbili, vilevile. Alimtazama baba usoni, akaona jinsi alivyokuwa akisubiri kwa hamu. Basi akaivuta tepu kidogo, ikazama kwenye nyama.

"Mia moja na kumi," alisema kwa sauti ndogo.

Baba alimkumbatia. Siku hiyohiyo alikwenda kumsimulia Quincy habari hizo, naye Quincy akaomba kuja kuupiga picha ukurasa wa daftari ili awaonyeshe wateja wake.

Jumatatu shuleni Sidi alimkimbilia Gillian. "Shoga yangu, nambari zako zimekuwa maarufu! Quincy anazitangaza soko zima. Hata bibi yangu anataka kununua vile vidonge. Amesema kama vimepimwa na mwanafunzi kwa tepu, basi ni vya kweli."

"Bibi yako si ana ugonjwa wa presha?" Gillian aliuliza.

"Anao. Lakini vidonge si dawa tu?"

Siku nzima Gillian alisikia masomo kwa sikio moja tu. Alipofika nyumbani alimkuta baba barazani pamoja na Quincy, aliyekuwa tayari na simu mkononi.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba. Lete daftari, mwanangu, Quincy apige picha."

Gillian alilikumbatia daftari kifuani. "Baba, nisamehe. Nambari ile si ya kweli. Niliivuta tepu ili ufurahi. Tumbo halijapungua hata kidogo."

Mama aliacha kushona. Baba alimtazama Gillian, kisha akainuka, akanyoosha mikono.

"Nipime tena. Sasa hivi, mbele ya Quincy."

Ilikuwa mia moja na kumi na mbili.

"Lakini kilo zimepungua!" Quincy alidakia.

"Ndiyo," mama alisema, "na baba Gillian amekuwa akikimbilia choo kutwa, na juzi alishikwa na kizunguzungu. Mimi ninaona."

Baba aliinamisha kichwa. Hakuwa ametaka mtu ajue. Asubuhi iliyofuata alikwenda zahanati akiwa na chupa yake, akamchukua Gillian kwa kuwa, alisema, mpimaji lazima asikie. Muuguzi Tsofa aliisoma karatasi ya chupa polepole.

"Hapa imeandikwa sanamaki," alisema. "Sanamaki huharisha. Kilo ulizopoteza ni maji, bwana Absalom, si mafuta. Ndiyo maana tepu haikusogea. Ukiendelea utaishiwa na nguvu na chumvi za mwili, na kwa mtu mwenye presha hatari ni kubwa zaidi."

"Je, hakuna vidonge vingine vya dukani vinavyofaa?" Gillian aliuliza.

"Watafiti wamevipima vingi, na vingi havileti tofauti ya maana. Sijaona hata kimoja kinachochagua mafuta ya tumboni peke yake. Mafuta hayo hupungua polepole, kwa chakula cha kiasi, kutembea na kulala vizuri."

Baba aliiacha chupa palepale mezani. Tangu siku hiyo aliacha soda, akapunguza keki za kuonja, na akala mchicha na kunde kwa wingi. Akitoka kazini, alirudi Ukunda kwa miguu. Gillian naye alifuatana na Sidi hadi kwa bibi yake Sidi, wakamweleza yote, pamoja na lile kosa la tepu. Kila Jumamosi alipima, na aliandika hata wiki ambazo nambari ilikataa kushuka. Wiki ya nane tepu ilisoma mia moja na nane.

Siku ya wazazi Gillian alisimama mbele ya ukumbi. Ubaoni aliandika nambari zote, na ile mia moja na kumi akaikata kwa chaki nyekundu. "Nambari hii ni uongo wangu," alisema. "Nimeiacha muione."

Hapo baba yake aliinuka, koti jeupe likiwa limefungwa hadi kifungo cha juu.

"Tumbo hilo ni langu," alisema, watu wakacheka. "Nilitaka njia ya mkato, nikalipa pesa ili nipoteze maji ya mwili wangu. Binti yangu angeweza kuficha kosa lake, na leo watu wengi wangekuwa wakimeza vidonge vile. Wanangu, kusema 'nilikosea' kunauma kwa siku moja, lakini uongo unaweza kumuumiza mtu usiyemjua. Na afya haina duka. Hujengwa kidogo kidogo. Leo najivunia kuitwa baba Gillian."

Mwalimu Kavumbi alianza kupiga makofi, ukumbi wote ukafuata. Kutoka viti vya nyuma bibi yake Sidi alipaza sauti:

"Mjukuu wangu, Jumamosi uje kwangu na tepu yako! Nami nataka kupimwa na mtu mkweli."

Gillian alicheka huku machozi yakimlenga. "Nitakuja, bibi," alijibu.